Nani akabidhiwe watoto katika kumbi za jiji?

*Kaunti ya Nairobi ina kumbi za kijamii kwenye mitaa ambako akina mama hawana pa kuacha watoto wachanga. Kufungua milango ya kumbi hizo ni rahisi kuliko kuamua nani aingie.*

NA MWANDISHI WETU

Saa kumi na moja alfajiri, malori ya mboga yakishusha mizigo katika soko la Marikiti, vichochoro vya Korogocho na Viwandani huwa vimeamka zamani. Mama mwenye mtoto mgongoni na mkoba wa nepi mkononi hubisha mlango wa mabati wenye kibao kilichoandikwa kwa rangi, "Baby Care". Humkabidhi mwenye kituo mtoto, huhesabu sarafu, kisha huondoka kwa haraka kuelekea sokoni au kwenye foleni ya vibarua Eneo la Viwanda.

Ndani ni chumba kimoja. Watoto ni kumi, siku nyingine ishirini, na mlezi ni mmoja. Huyo huyo ndiye anayepika uji, anayebadilisha nepi, anayembembeleza anayelia na anayefungua mlango mama mwingine anapobisha.

Si mbali na hapo, katika mitaa mingi ya Eastlands, kuna ukumbi wa kijamii unaomilikiwa na kaunti. Una paa imara, ua na lango. Saa hiyo umefungwa kwa kufuli, na huenda usifunguliwe hadi jioni wanapokuja mabondia au kwaya.

Wazo la kuunganisha mambo hayo mawili, watoto wasio na mahali na jengo lisilo na shughuli mchana, linamjia mtu yeyote anayepita hapo. Ugumu huanza pale mtu anapouliza: kituo hicho kiendeshwe na nani, na achaguliwe kwa vigezo gani?

Kumbi za baba na babu

Kumbi hizi zina historia ndefu kuliko kaunti yenyewe. Ukumbi wa Pumwani ulijengwa miaka ya 1920, wakati serikali ya mkoloni ilipokuwa ikiwapangia Waafrika mahali pa kuishi jijini. Kaloleni ulikuja na mtaa wake katika miaka ya 1940, na baadaye wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru walihutubia wafuasi wao humo.

Baraza la Jiji lilizitumia kwa michezo, masomo ya watu wazima, harusi na michango ya mazishi. Baraza hilo pia liliendesha shule za chekechea katika mitaa yake. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, mali hiyo yote ikawa chini ya serikali ya kaunti yenye wadi 85.

Pamoja na majengo, kaunti ilipewa wajibu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja vituo vya malezi ya watoto kuwa kazi ya kaunti, sambamba na elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Mwaka 2017 Nairobi ikawa na sheria yake mahususi ya kusimamia vituo vya malezi.

Hata hivyo, fedha na walimu vimeelekezwa zaidi kwa watoto wa miaka minne na mitano, walio katika chekechea. Mtoto wa miezi mitatu hadi miaka mitatu hutajwa sheriani, lakini katika bajeti ni nadra kuonekana.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mama mboga hana mwajiri, wala anayefua nguo nyumba kwa nyumba. Anachohitaji ni kituo kilicho karibu.

Utafiti wa Korogocho

Wanaodhani malezi ni shauri la nyumbani, lisilohusu uchumi wa jiji, wana la kujifunza Korogocho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watafiti wakiwemo wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika (APHRC) walichagua akina mama kwa bahati nasibu na kuwapa baadhi yao vocha za kulipia malezi ya watoto.

Uwezekano wa waliopewa vocha kuwa na kazi ulizidi ule wa wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Walionufaika zaidi kwa kupata kazi walikuwa akina mama walioolewa. Wanaolea peke yao, ambao kwa kawaida walikuwa kazini hata kabla ya vocha, walipunguza saa za kazi bila kupoteza mapato, kwa sababu sasa waliweza kushika kazi zenye saa maalumu.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto karibu milioni 350 ambao hawajafikia umri wa shule ya msingi wanahitaji malezi ya mchana na hawayapati. Nairobi ni sehemu ya hesabu hiyo, na uhaba wake mkubwa ni wa vituo vizuri. Vibao vya "Baby Care" havikosekani. Kinachokosekana ni nafasi, maji safi, mlezi wa pili na mtu wa kuja kukagua.

Wanaoutaka ukumbi

Kaunti ikitangaza kwamba inatafuta wa kuendesha kituo ndani ya ukumbi wake, wa kwanza kubisha watakuwa mashirika yenye uzoefu. Jijini yapo. Kidogo huwasajili wanawake wenye vituo vidogo katika mtandao wake, huwafunza na kuwasimamia ubora. Tiny Totos huwasaidia wenye vituo kwa mafunzo, mikopo midogo na utunzaji wa hesabu.

Faida ya shirika la aina hii ni kumbukumbu. Lina mtaala, lina hesabu zilizokaguliwa, na linajua kujaza makaratasi ya tenda. Shaka iliyopo ni kwamba mashirika mengi hutegemea wafadhili. Mradi wa mfadhili una tarehe ya mwisho, na mtoto aliyezoea mlezi wake haijui tarehe hiyo.

Wa pili ni wanawake wa mtaani wenyewe, wale wanaolea watoto sasa katika vyumba vya mabati. Wanawajua wazazi kwa majina. Wanajua nani amefiwa, nani hulipa Ijumaa, na mtoto yupi ana kifua. Sheria iko upande wao kwa kiasi fulani, kwani asilimia 30 ya zabuni za umma hutengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Udhaifu wao ni wa karatasi. Wengi hawana akaunti ya kikundi, cheti cha ushuru wala taarifa za fedha za miaka iliyopita. Ukumbi ukimwendea mtu mwingine, watakuwa wamepokonywa wateja na serikali yao wenyewe.

> Ukumbi ukimwendea mtu mwingine, watakuwa wamepokonywa wateja na serikali yao wenyewe.

Wa tatu ni kaunti yenyewe. Wapo wanaohoji kwa nini kazi ambayo Katiba imeikabidhi serikali ya umma itolewe kwa mtu wa kando. Kaunti tayari huajiri walimu wa chekechea, basi iajiri na walezi. Hoja hii ina nguvu, ila lazima ikabiliane na ukweli kwamba saa za ofisi za serikali ni mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, na mama wa Marikiti hutoka nyumbani kabla ya jua.

Kuna na upande wa nne ambao husahaulika hadi siku ya vurugu: wanaoutumia ukumbi sasa. Wapo mabondia, vikundi vya ngoma na maigizo, makanisa ya Jumapili, kamati za mazishi. Eastlands imewalea mabingwa katika kumbi hizi. Anayeleta vitanda vya watoto bila kuzungumza na kijana mwenye glavu anatafuta ugomvi ambao ratiba nzuri ingeuzuia: watoto mchana, michezo jioni, na stoo ya kufungia vifaa vya kila upande.

Bei ya chini ni mtego

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma ufanyike kwa haki, usawa, uwazi, ushindani na kwa gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hutoa njia zaidi ya moja. Katika zabuni ya kawaida, hushinda mwenye bei ya chini baada ya tathmini. Katika ombi la mapendekezo, alama za ubora hujumlishwa na alama za bei, na hushinda mwenye jumla kubwa.

Kuchagua kati ya njia hizo mbili ni uamuzi mkubwa kuliko kumchagua mshindi. Kwa malezi ya watoto, njia ya kwanza ni hatari, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Chukua kituo chenye watoto 40, kila mzazi akilipa Sh100 kwa siku. Katika vituo vingi vya mitaa ya mabanda ada huwa kati ya Sh50 na Sh100. Kwa siku 26 za mwezi, mapato ni Sh104,000.

Agizo la mishahara humweka yaya katika daraja moja na mfagiaji na mtunza bustani. Baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya mwaka 2024, kima cha chini cha daraja hilo jijini Nairobi kilifika Sh16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Walezi sita, mmoja kwa watoto wasiozidi saba, hula Sh96,682. Zinabaki takriban Sh7,300.

Zigawe kwa watoto 40 na siku 26, upate Sh7 kwa kila mtoto kwa siku. Hiyo ndiyo ya uji, chakula cha mchana, maji, sabuni, dawa ya kuoshea sakafu na vitu vya kuchezea. Kaunti ikidai hata Sh10,000 za kodi ya ukumbi, kituo kinaingia hasara kabla ya sufuria kuinjikwa.

Akitokea mzabuni aliyeahidi kutoza Sh50, mapato yake ni Sh52,000. Hizo zinatosha walezi watatu, yaani watoto 13 au zaidi kwa kila mmoja. Vinginevyo awalipe walezi chini ya kima cha sheria. Uingereza, kwa kulinganisha, kanuni humruhusu mlezi mmoja kuwa na watoto watatu tu walio chini ya miaka miwili, na watano wa miaka miwili. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi; hapa itakayovunjika ni afya ya mtoto.

> Baada ya mishahara ya halali, zinabaki Sh7 kwa kila mtoto kwa siku.

Kaunti nayo ilete kitu

Kutokana na hesabu hiyo, hakuna mwendeshaji, awe mkubwa au mdogo, atakayetoa malezi mazuri kwa ada ya maskini pasipo ruzuku. Ukumbi wa bure ni mwanzo tu. Maji, umeme na ulinzi ni hatua ya pili. Mishahara ya walezi ndiyo inayobadilisha mambo.

Kwa mfano wetu, kaunti ikilipa walezi sita, gharama ni kama Sh1.16 milioni kwa mwaka kwa kituo kimoja. Ikiweka kituo katika kila wadi kati ya 85, ni takriban Sh99 milioni, bila posho na ukarabati. Bajeti ya kaunti imekuwa ikizidi Sh40 bilioni katika miaka ya karibuni. Hapo Sh100 za mzazi zinaweza kwenda zote kwenye sahani ya mtoto, au ada ishushwe kwa asiyejiweza.

Nairobi si mgeni wa mpango wa namna hiyo. Mpango wa chakula cha wanafunzi wa Dishi na County, uliozinduliwa mwaka 2023, uliijumuisha kaunti na shirika la Food4Education: majiko makubwa hupika, mzazi huchangia Sh5, na mwanafunzi huonyesha bangili yake kwenye kifaa kabla ya kupokea sahani. Mtu aweza kuusifu au kuukosoa, lakini unaonyesha kwamba fedha za umma, ada ndogo ya mzazi na mwendeshaji wa nje vinaweza kukaa chungu kimoja.

Vigezo viandikwe kabla ya bahasha

Katika tenda za aina hii, mshindi huamuliwa siku vigezo vinapoandikwa, si siku bahasha zinapofunguliwa. Anayedai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano amekwisha kuwafungia nje wanawake wa mtaani. Anayetaja bei peke yake amekwisha kumchagua atakayepunguza walezi. Anayekaa kimya kuhusu saa amewaacha akina mama wa alfajiri palepale walipo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia zilitoa mwongozo wa malezi wenye nguzo tano: afya njema, lishe ya kutosha, ulezi unaomsikiliza na kumjibu mtoto, fursa za kujifunza mapema, na usalama. Nguzo hizo zinaweza kugeuzwa kuwa alama za zabuni bila shida:

• Saa: kituo kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa moja jioni, kwa zamu za walezi.

• Idadi: watoto wasiozidi idadi fulani kwa mlezi, ikipungua kwa wachanga, na orodha ya siku ibandikwe mlangoni.

• Ada: kiwango cha juu kitajwe kwenye mkataba, na nafasi kadhaa zitengewe wasioweza kulipa.

• Lishe: menyu ya wiki, maji safi, na mahali pa mama kunyonyesha anapopita.

• Usalama: cheti cha polisi cha maadili mema kwa kila mfanyakazi, daftari la wanaomchukua mtoto, na lango lisilopitika ovyo wakati ukumbi una shughuli nyingine.

• Ujumuishaji: watoto wenye ulemavu wapokelewe, na mlezi awe na mafunzo ya kuwahudumia.

• Ajira: walezi wa mtaa wenye uzoefu wapewe nafasi ya kwanza, wafunzwe na walipwe kima cha sheria.

Kigezo cha mwisho ndicho kinachoweza kuwapatanisha wenye karatasi na wenye uzoefu. Sheria huruhusu wazabuni kuungana. Shirika lilete mtaala, hesabu na bima. Kikundi cha wanawake kilete walezi na imani ya wazazi. Ahmedabad, India, wanawake wa chama cha wafanyakazi cha SEWA walipita njia ya karibu na hiyo. Walezi waliunda ushirika wao, Sangini, unaoendesha vituo kwa ajili ya watoto wa wanawake wa kazi za juakali.

Baada ya sahihi

Mkataba mzuri unaweza kuoza kabatini. Kaunti inapaswa kubaki na meno: mkataba wa mwaka mmoja wa majaribio, unaoongezwa kwa alama za ukaguzi na si kwa simu ya mwanasiasa, ziara za ghafla za maafisa wa afya ya umma, na kamati ya wazazi yenye haki ya kuona vitabu vya mapato.

Mwakilishi wa wadi ana nafasi yake, nayo ni ya kuuliza maswali katika bunge la kaunti. Kikundi cha jamaa yake kikiingia kwenye kinyang'anyiro, sheria ya ununuzi inakataza mgongano wa maslahi, na hilo lisemwe waziwazi tangu tangazo la kwanza.

Anayeona amedhulumiwa ana siku 14 baada ya kujulishwa matokeo kupeleka malalamishi kwa bodi ya kitaifa ya kukagua zabuni za umma, nayo ina siku 21 za kuamua. Kikundi cha wanawake wa Kariobangi kinafaa kuijua njia hiyo sawa na kampuni ya ujenzi wa barabara.

Maoni ya umma nayo yanahitaji saa yake. Kikao kinachoitishwa saa nne asubuhi siku ya Jumatano huwakusanya wasio na kazi na wanaolipwa kuhudhuria. Mama mboga yuko kibandani. Kikao cha Jumapili alasiri, ndani ya ukumbi unaozungumziwa, kingeleta watu tofauti kabisa, na huenda vigezo tofauti.

Kalenda haimsubiri mtoto

Yote haya yana tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 hutaka makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Wazazi, mabondia na wenye vituo vya mabati wanaotaka ukumbi wao utumike hivi hawana budi kukubaliana na kupeleka ombi lao kabla makadirio hayajafungwa.

Ombi likichelewa, fedha zitangoja Julai ya mwaka unaofuata. Mtoto atakayekuwa na miezi sita Aprili hiyo atakuwa na miezi 20 kituo kitakapopata shilingi yake ya kwanza, na nusu ya umri ambao kituo hicho kilikusudiwa kumlea itakuwa imekwisha.